Seti ya dari ya Volkswagen Beetle: nunua, lakini gundi na raba za vioo ndizo zitakazoamua

Seti ya dari ya vinili (ile plastiki laini inayofunika paa kwa ndani) inayouzwa ikiwa imeshonwa tayari kwa ajili ya Volkswagen Beetle ni bidhaa nzuri, na kwa gari la modeli ya 1963 kuja mbele hatuoni sababu ya kutafuta kitu kingine. Tunaanza na hukumu hiyo kwa sababu seti hizi hulaumiwa isivyo haki. Dari imeanza kuning'inia kabla ya mwaka kuisha, juu ya kioo cha nyuma pamejaa mikunjo, kwenye kona ya mbele limetokea doa la rangi ya chai, na mwenye gari anamlaumu aliyeshona. Ukilifungua gari hilo unakuta gundi ya viatu iliyochakachuliwa kwa thina, kutu iliyofunikwa bila kuguswa, na raba ya kioo iliyorudishwa ikiwa ngumu kama mfupa.

Beetle ina historia yake huku kwetu. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za East African Safari kwa gari hili hili, na yaliyobaki kutoka enzi zile sasa yanafufuliwa moja moja kwenye gereji. Kosa linalojirudia ni la mpangilio: injini kwanza, rangi, viti, vioo vinarudishwa, halafu dari ndiyo inakumbukwa mwisho. Dari ya Beetle haifungwi vizuri vioo vikiwa mahali pake. Kingo zake zinapita chini ya raba za kioo cha mbele, cha nyuma na vile viwili vya ubavuni nyuma ya milango. Kazi hii ifanyike rangi ikishakauka sawasawa na kabla hata kioo kimoja hakijarudi. Ukikosea hapo utalipia kazi ya vioo mara mbili, na kioo cha zamani huwa hakivumilii kung'olewa mara nyingi.

Kilichomo ndani ya boksi

Kipande kikubwa ni mapande kadhaa yaliyoungwa kwa mishono inayovuka gari kutoka mlango hadi mlango. Upande wa juu wa kila mshono umeshonewa mfuko mwembamba wa kitambaa cha pamba. Humo ndimo hupita mbavu, yaani vyuma vya upinde vinavyoibeba dari. Seti kamili huja pia na vipande vya nguzo za mbele, za kati na za nyuma. Vinili yenyewe ni ya rangi ya maziwa, ina vitundu vidogo usoni na kitambaa chepesi cha pamba mgongoni.

Mbavu hazimo. Gundi haimo, sponji ya kuzuia joto haimo, raba hazimo, na wala hakuna tundu hata moja la taa, la kioo cha kutazamia nyuma au la mikanda ya kushikia. Hilo la matundu msilihesabu kama upungufu, kwa kuwa matundu hutobolewa dari ikishavutwa na kukaa. Gari la usukani wa kulia na la kushoto hutumia kipande kilekile. Kingo nazo zimekatwa kwa makusudi zizidi paa kwa sentimita kadhaa kila upande. Anayezipunguza mapema ili "zilingane" anajinyima mahali pa kushika wakati wa kuvuta.

Kabla boksi halijawa lako, litandaze lililomo sakafuni kwenye shuka safi, ulikunje katikati kwa urefu, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Mishono yote ikutane. Ikipishana kwa zaidi ya milimita 5, rudisha, maana mshono uliopinda hauvutiki ukanyooka. Kisha liinue mbele ya dirisha uangalie mapande yote kwenye mwanga wa jua. Mara chache hutokea pande moja limekatwa kutoka kwenye roli nyingine, likawa na weupe tofauti. Chini ya taa ya dukani huwezi kuuona, ila ndani ya gari utauona kila siku.

Makunyanzi ya kukunjwa safarini yasikutie hofu. Litandaze juani saa moja au mbili, yatalegea yenyewe. Pasi usiiguse kabisa: vinili inayong'aa kwa kuunguzwa hairudi kuwa ya kufifia.

Mwaka sahihi wa gari

Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari usiutegemee peke yake, kwa sababu mara nyingi ni wa usajili. Tena Volkswagen walikuwa wakianza modeli mpya kila Agosti, hivyo gari lililotoka kiwandani Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Soma namba ya chasisi iliyopigwa kwenye mgongo wa katikati ya chasisi, chini ya kiti cha nyuma, au kibati kilichoko buti la mbele nyuma ya tairi la akiba. Kuanzia modeli ya 1965 tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja mwaka: 115 ni 1965, 118 ni 1968, na kadhalika. Kuanzia 1970 namba yote ina tarakimu 10. Namba yenye tarakimu 7 au pungufu ni ya gari la kabla ya modeli ya 1965.

Kwa nini tunasisitiza? Umbo la madirisha lilibadilika mara kadhaa, na dari hufuata madirisha. Kioo cha nyuma kilikuzwa kwenye modeli ya 1958. Modeli ya 1965 ilikuza vioo vyote. Modeli ya 1972 ikaongeza tena urefu wa kioo cha nyuma. Halafu kuna Beetle ya aina ya 1303, ambayo namba yake huanza na 13, yenye kioo cha mbele kilichopinda. Hiyo inataka dari yake yenyewe, na dari ya Beetle ya kawaida haiwezi kulazimishwa humo. Gari lenye paa la kufunguka nalo lina dari yake. Lile la turubai lilitumika hadi modeli ya 1963, na kuanzia 1964 likawa la chuma linalozungushwa kwa mpini.

Muuzaji akikwambia seti moja inaingia "Beetle zote", hajui anachouza.

Paa na mbavu

Tenganisha betri kabla ya yote. Kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na siku nzima mtakuwa na nyaya za taa zinazoning'inia pamoja na mvuke wa gundi ndani ya chumba kidogo.

Dari ya zamani usiichane kwa hasira. Ishushe polepole, na kila kona ipige picha kabla hujaiachia: kipande cha nguzo kimepita juu ya dari au chini yake, mkato umeanzia wapi, ukingo umekunjwa kuelekea upande gani. Mpishano huo hauandikwi kwenye karatasi yoyote ya maelekezo tuliyoiona, na ndiyo ramani pekee uliyo nayo. Kipande chenyewe kiweke mpaka gari liende barabarani.

Mbavu zote zinafanana kwa macho ila hakuna mbili zenye upinde uleule. Zitie namba kwa kalamu ya rangi kuanzia mbele kwenda nyuma, na uandike pia upande wa kushoto. Kama paa lina tundu zaidi ya moja kwa kila ubavu, zungushia duara lile lililokuwa linatumika. Ubavu uliohamishwa tundu moja tu hubadilisha mvutano wa dari nzima. Futa kutu kwa brashi ya waya, piga praima na rangi nyembamba ya mafuta, uache ikauke siku mbili. Kutu ya ubavu hupenya mfuko wa pamba na kuchora mstari wa kahawia kwenye mshono, na mstari huo hautoki kwa sabuni ya aina yoyote. Vikofia vya plastiki vya kwenye ncha vikiwa vimevunjika, badilisha. Chuma kikikaa juu ya chuma kitalia kwenye barabara ya vumbi mpaka ujute.

Sasa paa lenyewe. Ondoa pamba au karatasi ya lami iliyooza, kwangua, osha kwa thina. Kagua kwa tochi na bisibisi kingo za kioo cha mbele, hasa kona mbili za chini, na kingo za kioo cha nyuma. Hapo ndipo maji hukaa. Ukingo wenye matundu huchomelewa, kisha husawazishwa kwa msasa mpaka kidole kikipita kisikwame. Putii pekee haitoshi, kwa sababu raba inabana na putii hupasuka.

Kuhusu joto: paa la chuma la gari la rangi nzito likiegeshwa juani mchana huweza kuvuka nyuzi 70. Sponji ya seli zilizofungwa, yaani isiyonyonya maji, ya milimita 5 au 6 iliyobandikwa kwenye bati kati ya mbavu inasaidia sana, na tunaipendelea kuliko zile shiti za lami zenye karatasi ya aluminiamu. Shiti hizo ni nzito na nyingine hulegea kwa joto zikashuka juu ya dari. Ukiamua kuzitumia, zinatosha robo ya eneo la bati kuua mlio. Godoro la kawaida usiweke. Linanyonya unyevu, na kwa gari la Mombasa au Tanga huo ni mwaliko wa kutu. Unene ukizidi milimita 10, sponji itagusa dari na kuonyesha uvimbe.

Gundi

Hapa ndipo tungetaka pesa yako iende. Dari ya Beetle haibandikwi kwenye bati. Inabebwa na mbavu na kushikwa kingoni tu, kwa hiyo lita moja ya gundi ya kupaka pande mbili inatosha gari zima, nguzo zikiwemo. Kwa kiasi kidogo hivyo hakuna sababu ya kununua ya bei rahisi.

Ukingo wa dari unavutwa mchana na usiku, tena mahali pa moto kuliko pote ndani ya gari. Gundi ya kawaida ya viatu inashika vizuri siku ya kwanza, kisha kwenye joto inalainika na ukingo unateleza milimita chache kila mchana. Baada ya miezi michache dari imelegea bila sehemu yoyote kubanduka, na fundi anabaki akishangaa. Tafuta gundi ambayo mtengenezaji ameandika kiwango chake cha joto kwenye kopo, na kisiwe chini ya nyuzi 80.

Jambo la pili halizungumzwi sana. Vinili ina mafuta ndani yake yanayoifanya iwe laini, na mafuta hayo huhama polepole kwenda kwenye kitu kinachoigusa. Gundi za neoprini, yaani za mpira wa kutengenezwa, huyanyonya zikageuka ulimbo. Gundi za poliurethani zinavumilia zaidi. Kwenye dari yenye mgongo wa pamba, kitambaa hicho huzuia kiasi, hivyo neoprini nzuri ya joto inakubalika. Kwenye vipande vya nguzo, ambavyo baadhi huja bila kitambaa mgongoni, tumia poliurethani.

Kwa brashi ya sentimita 3, paka ukingo wa chuma na mgongo wa dari, tabaka jembamba kila upande. Subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa kisiondoke na uzi wa gundi. Ukibandika ikiwa mbichi, kimiminika kinafungiwa ndani na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye vitundu vya vinili: utaona doti za njano usoni. Usitumie gundi ya kupuliza karibu na uso wenye vitundu kwa sababu hiyo hiyo. Na wakati wa mvua, au asubuhi yenye unyevu wa pwani, angalia gundi inavyokauka. Ikipata ukungu mweupe juu yake, ni maji ya hewani yametua wakati kimiminika kinageuka mvuke na kupoza uso. Haitashika. Ifute, ngoja jua lipande, paka upya. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndiyo saa za kazi hii.

Kuvuta

Watu wawili, mikono iliyooshwa, na pakiti mbili za vibanio vya nguo. Vibanio vya mbao vinashika vizuri kuliko vya plastiki, na havichubui rangi mpya. Wengine hutumia vibanio vya chuma vya karatasi. Tia kipande cha kitambaa katikati.

Weka alama ya katikati kwenye ukingo wa kioo cha mbele na cha nyuma kwa penseli, na alama hiyo hiyo mgongoni mwa dari. Ingiza mbavu kwenye mifuko yake. Mfuko wa pamba huwa mrefu kupita kiasi na utazuia ncha ya ubavu isifike kwenye tundu lake, kwa hiyo kata sentimita 2 kila upande, jaribu, kisha ukate tena kama bado. Ukikata nyingi kwa mara moja, dari karibu na mlango inakosa kitu cha kuibeba na panatokea bonde ambalo halivutiki.

Ipandishe ubavu mmoja mmoja kuanzia nyuma, isimamishe kila ubavu wima, halafu bila gundi yoyote anza kubana kwa vibanio. Katikati ya nyuma kwanza, kisha katikati ya mbele. Vuta mpaka mikunjo ya kuvuka gari ipotee, usivute mpaka mbavu zilale kuelekea mbele. Toka nje, simama mita mbili mbele ya gari, utazame mishono: iwe sambamba, kila mmoja ukikaa sawa juu ya ubavu wake. Mshono uliopinda sasa utabaki umepinda miaka 20. Ndipo uende pembeni, kulia kidogo, kushoto kidogo, ukianzia katikati ya mlango kuelekea kona.

Iache na vibanio usiku kucha, au mchana mmoja wa jua. Vinili italegea kidogo. Vuta tena, na sasa ndipo upake gundi, ukifungua vibanio vitatu au vinne kwa wakati mmoja katika mpangilio ule ule: nyuma, mbele, pembeni. Kona ziwe za mwisho.

Kona ya kioo cha ubavuni inapokutana na nguzo ya nyuma ndiyo inayomtofautisha fundi na mlipuaji. Vinili pale inatakiwa izunguke pembe mbili kwa pamoja, na haiwezi bila kukatwa. Kata mikato midogo iliyonyooka kuelekea kwenye kona, ikiachana sentimita moja na nusu, na kila mkato ukomee milimita 6 kabla ya ukingo utakaofunikwa na raba. Mkato ukivuka hapo hufunguka ukivutwa, na vitundu vya vinili huusaidia uendelee kama karatasi ya stempu. Usivute kwa ncha za vidole. Kunja ukingo mara mbili, shika kwa kiganja, vuta taratibu.

Mkunjo unaokaa mshazari unatoka kwenye kona iliyo upande wake wa juu: fungua kona hiyo tu, si ubavu mzima. Mawimbi madogo ya kufuatana kando ya mlango ni dalili ya mvuto usio sawa kati ya kibanio na kibanio. Mikunjo midogo kabisa itaondoka kwa kikaushia nywele kilichowekwa umbali wa sentimita 20 na kisichotulia mahali pamoja. Mashine ya hewa ya moto ya kuondolea rangi haifai hapa, kwa sababu sekunde 3 zinatosha kuchoma tundu.

Raba, na utambi wa pamba

Tunarudi kwenye lile doa la rangi ya chai kwenye kona ya mbele. Chukua wembe, angalia ukingo wa dari ulivyokatwa. Mgongo wa vinili ni pamba, na pamba iliyokatwa ikaachwa inachungulia nje ya raba hunyonya maji ya mvua kama utambi wa taa ya mafuta. Maji hayapiti kwa kuvuja, yanatembea ndani ya kitambaa, yanapita chini ya gundi, yanabeba kutu njiani na kutokea ndani sentimita 10 kutoka kwenye kioo. Mwenye gari anapaka silikoni nje kila mwaka na doa linakua.

Dawa yake ni kukata ukingo ukiwa umebandikwa, ukauke, na ukomee ndani ya eneo ambalo mdomo wa ndani wa raba utalifunika. Upande wa nje wa ukingo wa chuma ubaki chuma kitupu chenye rangi, ili mdomo wa nje wa raba ukae juu ya rangi na si juu ya kitambaa. Mabonge ya gundi yakwanguliwe nayo, maana hunyanyua raba.

Raba ziwe mpya zote. Kama gari lina ukanda wa kromi kwenye raba, uuingize kioo kikiwa bado mezani. Kioo kikishakaa ukanda hauingii bila kupinda. Zungushia kamba ya milimita 5 kwenye mfereji wa raba, ncha zake zikipishana katikati chini, pakaa maji ya sabuni, mmoja asukume kioo kwa kiganja kutoka nje huku mwingine akivuta kamba kutoka ndani. Baada ya siku mbili mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini ya kioo kwenda juu, dakika 10 kila kioo. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi.

Fundi wa hapa, au seti ya nje?

Fundi mzuri wa viti vya magari anaweza kukushonea dari isiyotofautiana na ya boksi, na kwa gari lenye dari ya zamani iliyo nzima kiasi cha kutoa kipimo, hilo ni chaguo la heshima. Mita 4 za vinili yenye vitundu, upana wa sentimita 137, zinatosha pamoja na nguzo. Ugumu ni kuipata vinili nyepesi ya dari. Ile ya viti ni nene na haizunguki kona; ukiwekewa hiyo, kataa hata kama rangi imelingana.

Mambo matatu ya kukubaliana naye kabla hajakata. Dari ya zamani ifumuliwe mshono kwa mshono kwa wembe na kila pande liwe kipimo chake, bila kuvutwa, na pembeni iongezwe sentimita 5 kwa kuwa vinili ya zamani imesinyaa. Uzi uwe wa polista au nailoni, kwa sababu wa pamba huoza kwa joto. Na hatua ya cherehani iwe milimita 4. Hatua fupi ya milimita 2 inaonekana nadhifu mezani, lakini inaitoboa vinili mfululizo na mshono utachanika siku ya kuvuta.

Kama dari ya zamani ilishavunjika vipande, usimpe fundi kazi ya kubuni. Agiza seti.

Kwa gari la kabla ya modeli ya 1963, dari ya asili ilikuwa kitambaa cha sufu, na seti zake zipo. Ni nzuri mno kwa macho, inapunguza kelele kuliko vinili, na mikunjo yake hutoka kwa mvuke wa birika badala ya joto kavu. Lakini inashika vumbi, haipanguswi kwa kitambaa chenye maji, na nondo huipenda. Kwa gari la kupeleka maonyeshoni, iweke. Kwa gari la kwenda nalo sokoni na shambani, hapana.

Vibao vya milango

Huuzwa mara nyingi pamoja na dari, na hapa sifa zetu ni chache. Vinili ni nzuri, mishono ya joto inafuata mistari ya asili, ila ubao wa ndani ni hadibodi ambayo hunywa maji na kupinda. Maji ndani ya mlango ni ya kawaida, yanashuka kando ya kioo na kutokea kwenye matundu ya chini. Kazi ya kuyazuia yasiguse ubao ni ya karatasi ya plastiki iliyokuwa imebandikwa kwenye mlango, ambayo karibu kila gari la umri huu imeshatupwa. Kabla ya kufunga, paka mgongo na kingo zote za ubao vanishi mara mbili, kisha ubandike nailoni nzito kwenye mlango, ukingo wake wa chini ukiingizwa ndani ya mlango na si kuachwa nje, ili tone linaloshuka juu ya nailoni lirudi kwenye mlango. Zibua matundu ya chini kwa waya. Klipu zote ziwe mpya, kila moja na kikombe chake cha mpira. Klipu ya zamani ikilazimishwa huchomoka na kipande cha ubao.